Nimefeli TEAS (mtihani wa kuingia vyuo vya uuguzi) mara mbili, nifanyeje?

SWALI: Ndugu wahariri, shikamooni. Niko Marekani, nataka kusomea uuguzi. Hesabu napata vizuri, ila kusoma na Kiingereza vinaniangusha. Muda huniishia. – Msomaji, Ohio

JIBU: Marahaba. Kabla ya kulipia tena, fungua ripoti ya matokeo yako. Inaonyesha mada ulizokosea. Uliza pia chuo chako kinaruhusu kurudia mara ngapi na baada ya siku ngapi, maana kila chuo kina utaratibu wake.

Sehemu ya kusoma ina maswali 45 kwa dakika 55, yaani kama sekunde 73 kila moja. Anayetafsiri kichwani neno kwa neno hawezi kumaliza. Soma swali kwanza, ndipo uingie kwenye habari ukijua unachotafuta. Usiache swali wazi, kwani jibu baya halipunguzi alama.

Kiingereza ni maswali 37 kwa dakika 37. Hapa Kiswahili chako kinasaidia kuliko unavyodhani. Kwenye “Each of the nurses ___ a badge”, wengi hujaza “have” kwa kuona “nurses”. Lakini wewe husemi “kila mmoja wa wauguzi wana”, unasema “ana”. Basi ni “has”.

Kwenye sayansi, kariri vipande vya maneno: “hyper” ni kuzidi, “hypo” ni kupungua.

Jipime kwa kutumia saa kila siku, dakika 20 zatosha. Kusoma bila saa ndiko kunakodanganya wengi.