Maswali ya wasomaji: Nitajuaje huduma zinazoendeshwa chinichini kwenye Linux?

SWALI: Hamjambo wahariri. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na Ubuntu 22.04, na imekuwa nzito. Nimeandika `service --status-all` nikapata orodha yenye alama za [ + ] na [ - ], lakini naona baadhi ya huduma hazimo. Printa sina, kwa hiyo nikazima cups, huduma ya uchapishaji, kwa `sudo systemctl stop cups`. Baadaye nikaikuta imewaka tena bila mimi kuigusa. Nitajuaje kwa hakika kinachoendeshwa, na kwa nini cups haitulii?

JIBU: Amri uliyotumia ni ya mfumo wa zamani. Inasoma skripti zilizomo kwenye `/etc/init.d` tu, ilhali Ubuntu tangu toleo 15.04 inaendesha huduma zake kwa systemd, yaani programu inayowasha na kusimamia huduma, na nyingi kati yake hazina skripti huko. Ndiyo sababu huzioni. Uliza systemd yenyewe:

`systemctl list-units --type=service --state=running`

Hapo utapata zile tu zenye mchakato ulio hai sasa hivi. Ukiondoa `--state=running` utaona pia nyingine zimeandikwa `active` na pembeni `exited`. Usizihofie: hizo ni kazi za mara moja, kwa mfano kupakia mipangilio ya kibodi. Zilifanya kazi yake kompyuta ilipowaka, zikamaliza, na hazili RAM.

Swali la pili, ambalo watu wengi hulichanganya na la kwanza, ni huduma zipi *zitawashwa* kila unapowasha kompyuta:

`systemctl list-unit-files --type=service --state=enabled`

Orodha hizi mbili hazilingani, wala hazitakiwi kulingana. Huduma inaweza kuwa hai sasa bila kuwemo kwenye ya pili, kwa sababu imeamshwa na nyingine. Ukikutana na neno `static`, maana yake huduma hiyo haina mpangilio wa kujiwasha yenyewe, inasubiri kuitwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya cups. `stop` inazima kwa sasa tu, na `disable` inazuia kuwashwa wakati wa kuanza tu. Lakini cups ina walinzi wawili, `cups.socket` na `cups.path`. Programu yoyote ikigonga soketi ile (mlango wa mawasiliano kati ya programu) kuuliza printa zilizopo, systemd inaiamsha cups papo hapo. Ulipoizima, terminali ilikuonya kwamba bado inaweza kuamshwa na hao wawili. Onyo hilo ni rahisi kulipita. Zima vyote kwa pamoja:

`sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path cups-browsed.service`

Ikiwa bado kuna kitu kinaiamsha, `sudo systemctl mask cups.service` huifunga kabisa: huduma inaunganishwa na `/dev/null`, na hakuna anayeweza kuiwasha hadi uandike `unmask`. Siku utakaponunua printa kumbuka hilo.

Kabla ya kuzima nyingine, soma `systemctl status` ukifuatisha jina la huduma. Utaona tangu lini iko hai, michakato yake, mistari ya mwisho ya kumbukumbu zake za matukio (logi), na mara nyingi mstari wa `Memory` unaoonyesha RAM inayotumia. Angalia pia nani anaitegemea: `systemctl list-dependencies --reverse` na jina lake. Usiguse dbus, systemd-logind, NetworkManager wala gdm. Kuhusu systemd-resolved tunasisitiza zaidi, maana jina lake halitishi: ukiizima, `ping 8.8.8.8` itajibu vizuri lakini kivinjari hakitapata tovuti hata moja, kwa kuwa majina ya tovuti kwenye Ubuntu hupitia kwake, kwenye anwani 127.0.0.53.

Kuhusu uzito wenyewe, usitarajie makubwa kutoka kwa cups. Andika `systemd-cgtop -m` uone nani anashika RAM nyingi. Kwenye mashine ya GB 4, mara nyingi ni kivinjari chenye vichupo vingi, na hicho si huduma ya mfumo. Sauti na baadhi ya sehemu za eneokazi pia huendeshwa kwa jina lako wewe, si la mfumo, kwa hiyo zina orodha yake: `systemctl --user list-units --type=service`.

SWALI: Nasimamia seva ndogo ya Ubuntu 24.04. `systemctl status ssh` inasema `inactive`, lakini naingia kutoka mbali kwa SSH bila shida. Imekuwaje?

JIBU: Ukiandika amri hiyo ukiwa umeingia kwa SSH, kwa kawaida utaikuta hai. Ukiiandika kwenye seva yenyewe kabla mtu yeyote hajaunganika tangu ilipowaka, utaona `inactive`, kwa sababu tangu Ubuntu 22.10 mlango 22 (port ya SSH) unashikiliwa na `ssh.socket`, na huduma huamka mgeni anapobisha. Kwa hiyo kwenye seva usiishie kwenye orodha ya huduma. Tazama milango iliyo wazi:

`sudo ss -tulpn`

Bila `sudo`, safu ya majina ya michakato ya watumiaji wengine itakuwa tupu. Kagua safu ya anwani ya ndani. `127.0.0.1:3306` maana yake hifadhidata inasikiliza ndani ya mashine tu. Ukiona `0.0.0.0:3306`, inasikiliza kwenye anwani zote za IPv4 za seva, na kama hakuna ukuta wa moto mbele yake, mtu wa nje anaweza kuufikia mlango huo. Rekebisha `bind-address` kwenye mipangilio ya MySQL, kisha uiwashe upya huduma na urudie `ss` kuhakikisha.

SWALI: Kwangu `systemctl` inasema amri haipo. Nifanyeje?

JIBU: Andika `ps -p 1 -o comm=`. Jibu likiwa si `systemd`, mfumo wako unatumia msimamizi mwingine. Kwenye Alpine, aina nyingine ya Linux ambayo `ps` yake fupi huenda ikaikataa amri hiyo, tumia `rc-status`. Kwenye Void, nayo aina ya Linux, tumia `sudo sv status /var/service/*`.