Anko Nijibu: Kabla ya cc, niambie njia ya kwako ikoje

Toleo lililopita nilichomekea sentensi moja tu, kwamba nimeuza Prado nimebaki na Passo, kale kagari kadogo ka Toyota, ya cc 1000 (cc ndo ukubwa wa injini), aisee sikujua kama nachokoza nyuki. Meseji zimeingia za kila aina, kuna wanaonipa pole wakidhani nimefilisika na kuna wanaotaka kununua yao kesho asubuhi. Sijafilisika jamani. Ile Prado ilikuwa inalala nje siku tano za wiki, maana kila nikikumbuka foleni ya Tabata na vile inavyokunywa mafuta napanda zangu daladala, sasa hiyo ni gari gani ya kuangalia dirishani. Nimechukua maswali matano, yaliyobaki yanafanana na haya.

Shikamoo Anko. Mimi ni mwalimu, nafundisha Mwenge naishi Goba, kutoka lami mpaka kwangu ni kama kilometa mbili, unashuka mteremko, kuna kamto, halafu unapanda tena. Nina milioni 11, za kikoba na mkopo kidogo. Mimi nataka Passo, mume wangu anasema bora RAV4 ya zamani kuliko kununua toi. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Goba)

Marahaba mwalimu. Tuanze na unachotaka wewe. Kwenda na kurudi kazini, na vimizunguko vya sokoni na kanisani, tuseme kilometa 30 kwa siku, siku 26 za mwezi hiyo ni 780. Passo yangu kwenye foleni inanipa kilometa 13 kwa lita, barabara ikiwa nyeupe inapanda zaidi, lakini tuhesabu foleni maana ndo maisha yetu. Hapo ni lita 60 kwa mwezi. RAV4 ya cc 2000 ambayo imeshachoka, ikikupa kilometa 8 kwa lita ushukuru, inakula lita 97 na nusu. Tofauti ni lita 37 na kitu, zidisha mwenyewe kwa bei ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA utaona hiyo siyo hela ya vocha. Halafu kwa milioni 11 RAV4 utakayopata ni ile ya miaka ya tisini, imeshapita mikononi mwa watu wanne watano, kila mmoja kaacha ugonjwa wake humo ndani.

Sasa upande wa shemeji. Gari ndogo haiuliwi na foleni wala haiuliwi na lami, inauliwa na zile kilometa mbili za mwisho. Tumbo la Passo liko kama sentimita 15 kutoka chini, na hapo haijabeba mtu. Yadi watakupa ujaribu ukiwa peke yako na dalali mwembamba pembeni, kwenye lami, itateleza kama samli na utalipa. Jumamosi unapakia watoto, dada wa kazi na gunia la mkaa, unashuka kwenye korongo lako unasikia *kwaruu*, hiyo ni ekzosi, na siku ukiwa na mkosi ni sampo, lile karai la oili chini ya injini. Sampo ikipasuka oili yote inabaki barabarani, na usipoona taa ya oili ukaendelea kukanyaga mafuta basi injini ndo kwaheri.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Azima Passo ya mtu au ikodi siku moja, wapakie watu wanne wazima, siyo watoto, pita njia yako kwenda na kurudi. Halafu subiri mvua inyeshe kweli kweli, nenda pale mtoni na mwamvuli wako usimame uangalie maji yanafika wapi kwenye tairi za wanaopita. Yakiwa chini ya kitovu cha rimu unavuka polepole bila kusimama. Yakifika kitovuni rudi nyumbani, usijidanganye kwamba mbona yule wa Noah kapita. Gari ikivuta maji kupitia njia ya hewa, maji hayashindiliki kama hewa, pistoni inakuja juu inakutana na ukuta, konirodi, ile fimbo inayoshika pistoni, inapinda, na hapo fundi hana cha kutengeneza anakutafutia injini nyingine.

Najua kuna mtu atakwambia weka spesa tu, vile vipande vya kuongeza urefu kwenye springi, inyanyuke. Mimi niliweka. Zinasaidia, inchi moja na nusu kwenye kagari kama haka siyo mchezo, ila najutia nusu, maana shafti za tairi za mbele zinakaa kwa pembe ambayo kiwandani hawakuipanga, buti za sivii joint, zile raba zinazofunika viungo vya shafti, zinachanika, grisi inaruka, mchanga unaingia, na baada ya muda ukikata kona unasikia *ka-ka-ka-ka* mpaka wapita njia wanageuka. Gari yenyewe nyembamba, sasa ukishainyanyua inayumba kwenye kona kama mlevi anayetafuta funguo. Ukiweka weka fupi, na kila ukimwaga oili mwambie fundi achungulie hizo buti.

Kwa Goba jinsi ninavyoijua mimi ningenunua Passo, na masika ikichanganya, Machi mpaka Mei, ningeilaza kwa mtu jirani na lami nimpe mlinzi wake hela ya soda, kilometa mbili nimalizie na bodaboda. Majirani zako wengi wanafanya hivyo hivyo, waulize. Ila kama kamto kako kanafunga njia kila ikinyesha, na hakuna pa kulaza gari, basi shemeji kashinda, mpikie.

Anko mambo. Nina mke na watoto watatu, gari nataka ya ofisini tu ila kila Desemba lazima twende Njombe kwa wazee. Vitz au Passo itafika? (Baba Watatu, Kimara)

Poa kaka. Itafika. Mlima wa Kitonga nimeshaupanda na Passo tukiwa watatu, nilizima AC, nikashusha gia, nikakaa kushoto kwangu nikawaacha wenye haraka zao wapite, ilipanda inalia lakini ilipanda. Kushuka ndo kuna kazi zaidi. Usishuke na breki tupu, zile breki ni ndogo na zikichemka hazishiki, kwa gari ya otomatiki ya gia nne weka 2 au L acha injini ikushikilie, breki uguse na kuachia.

Shida yako ipo kwingine. Ni karibu kilometa 700, na barabara ile ndiyo ya malori ya Tunduma. Unatoka Mikumi unakutana na lori refu linatambaa, nyuma yako basi linawasha taa linataka kupita, na wewe una watu watano kwenye gari ya cc 1000. Ukikanyaga mafuta hakuna kitu kinatokea kwa sekunde kadhaa, kelele tu zinaongezeka. Hiyo nafasi ya kupita lori ambayo mwenye Toyota Crown anaiona inatosha, kwako haitoshi, jifunze kusema haitoshi. Na basi likikupita kwa spidi upepo wake unakusukuma pembeni unausikia kabisa kwenye usukani, maana gari nzima ina kama kilo 900. Likitokea la kutokea, kilo 900 dhidi ya lori la tani arobaini, sihitaji kukuchorea.

Halafu mizigo. Buti ya Passo inaingia begi moja kubwa na kindoo, sasa mnarudi kutoka Njombe, bibi kafunga gunia la viazi na kiroba cha parachichi, unamwachia nani? Watoto watatu siti ya nyuma wakiwa wadogo wanakaa, wakifika darasa la sita mmoja atasafiri kalalia mlango toka Ruaha Mbuyuni mpaka Makambako.

Mimi nakushauri nunua ndogo, Desemba panda basi na familia yako, au changa na ndugu mkodi gari kubwa. Siku kumi za kijijini zisikufanye ulishe gari kubwa siku 355 za Kimara. Najua heshima ya kuingia kijijini na gari yako mwenyewe, nimekulia huko huko, lakini wazee wanataka kuwaona mmefika.

Kaka niaje, nimenunua Vitz ya kwanza kwanza, washkaji wanaiita bebi woka, wanauliza nimeivaa au nimeipanda. Niiuze? (Kijana, Sinza)

Hao washkaji wana gari gani? Umeona.

Ila nikwambie kitu kimoja ambacho siyo utani, barabarani gari ndogo inadharauliwa kweli. Daladala ambayo ingemwogopa mwenye Land Cruiser itakuchomekea wewe bila hata kukuangalia, bajaji watakupitia kushoto na kulia kama wewe ni koni ya trafiki, na mlinzi wa hoteli atakuelekeza ukapaki nyuma kwenye majenereta. Endesha ukijua hilo, taa washa, usibishane na chuma. Faida yake utaiona Kariakoo siku unapoingia kwenye kanafasi ambako wenye magari yao makubwa wamezunguka nusu saa, unakata usukani mara moja, rivasi kidogo, umeshashuka.

Habari za kazi Anko. Nimeona Suzuki Alto ya cc 658 mtandaoni Japani inauzwa bei ya pikipiki, niagize? Huku Morogoro mjini kila kitu kipo karibu. (Dada wa Moro)

Nzuri dada. Hiyo bei ya pikipiki ni ya gari likiwa Japani. Meli haikutozi kwa cc, inatoza kwa nafasi gari inayochukua, kwa hiyo nauli inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe au kuipita. Ikifika Dar kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na mengine madogo madogo. Nafuu yako ni kwamba injini isiyozidi cc 1000 haidaiwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, ukivuka hapo mpaka 2000 ni asilimia 5, ndo maana Passo ya cc 996 na ile ya 1300 hata kama zimetoka mwaka mmoja kodi yake haifanani. Ila angalia umri, gari ikipita miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu, na ikipita 10 unapanda tena, hapo ndo wengi wanalia bandarini. Ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA kabla hujatuma hela, weka mwaka na modeli, soma jumla iliyo mstari wa mwisho, kunywa maji, halafu amua.

Gari zenyewe siyo mbaya hata kidogo. Wajapani wana daraja lao maalumu la vigari hivi toka 1949, siku hizi sheria yake ni injini isiyozidi cc 660, urefu mita 3.40 na upana mita 1.48, na kwao vinafungwa namba ya njano ili vijulikane. Kwetu namba ya njano ni ya gari lolote binafsi, kwa hiyo hapa ka-Alto kako na V8 ya bosi vinavaa sare moja.

Spea za Passo na Vitz, maduka ya Gerezani pale Dar wanakupa ukiwa bado unashuka kwenye boda, za Alto itabidi uulize ulize. Lakini siyo za kukosa, kwa sababu Kirikuu zimejaa kila mtaa, na Kirikuu ni Suzuki Carry, nyingi za miaka ya 2000 zina injini ya K6A ambayo ndiyo hiyo hiyo ya Alto za kipindi hicho. Muulize muuzaji jina la injini, zile herufi na namba zake, akikwambia K6A nenda pale wanapopaki Kirikuu za mizigo ukaulize wanatengeneza kwa nani. Taa, bampa na vioo ndo vitakusumbua, usigonge. Morogoro mjini ni tambarare, itakufaa, ila hiyo siyo gari ya kuja nayo Dar kila wikiendi.

Anko, Passo yangu nikisimama kwenye mataa inatetemeka mpaka usukani, nikiondoka inatulia. Fundi anasema injini imekufa ninunue nyingine. (Mama Wawili, Kigamboni)

Mama usinunue kitu. Injini ya Passo ya cc 1000 ina silinda tatu, siyo nne kama gari nyingi ulizozoea, na silinda tatu kwa asili yake haitulii sana ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kutetemeka kidogo ndo tabia yake. Kukizidi mpaka usukani unacheza mkononi, anza na injini maunti, zile raba zinazoshika injini, zikichoka gari inatetemeka ukiwa umesimama kwenye D na ukiweka N inapungua. Jaribu leo ukiwa kwenye foleni ya pantoni. Baada ya hapo angalia plagi zote tatu, kwenye silinda tatu moja ikizingua umepoteza theluthi ya injini, na fundi asafishe throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. Kama taa ya injini haiwaki, oili haipungui na moshi hakuna, hiyo injini haijafa. Mwambie fundi afungue boneti, mmoja akae ndani akanyage breki aweke D, wewe usimame pembeni siyo mbele, uiangalie injini inavyoruka. Ikiruka kama inataka kutoka, hizo ni maunti.