Pasipoti ya Salim: subiri Machi 9 ipite

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Umeniuliza mambo matatu kuhusu pasipoti ya Kimarekani ya Salim: muibadilishe sasa hivi Januari au msubiri, kama fomu yaweza kutumwa kwa posta tu, na kama babake aliyeko Dubai ni lazima atie sahihi. Safari ya Mombasa ni katikati ya Julai, pasipoti inaisha Agosti 22, na huyo mume wangu anatimiza miaka 16 Machi 9. Kwa tarehe hizo, subirini.

Mkienda kaunta ya kuombea pasipoti kabla ya Machi 9, Salim bado ni mtoto kwa hesabu za pasipoti. Wazazi wote wawili wanatakiwa wafike, na asiyeweza kufika hujaza fomu DS-3053, aitie sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati (notary), kisha aitume pamoja na nakala ya kitambulisho alichomwonyesha mthibitishaji huyo, mbele na nyuma. Karatasi hiyo hufa baada ya miezi mitatu. Baada ya usumbufu wote huo mtapewa pasipoti ya miaka 5. Akishatimiza 16 mambo yanageuka: pasipoti ni ya miaka 10, na kinachotakiwa ni ushahidi kwamba mzazi mmoja anajua anaomba. Mmoja tu. Basi mwache babake afanye kazi zake huko.

Kukaa na hii ya zamani hadi Julai pia hakufai, ingawa itakuwa haijaisha. Kenya inataka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kuingia, na hiyo itakuwa imebakiza mwezi na siku kidogo. Kwenye uwanja wa ndege huko huko Marekani watamzuia asipande.

Kuhusu posta, haiwezekani. Fomu ya kubadilisha kwa posta, DS-82, ni ya mtu ambaye pasipoti yake ya mwisho alipewa akiwa na miaka 16 au zaidi. Salim alipewa akiwa na 11. Kwa hiyo anajaza DS-11, kama anayeomba kwa mara ya kwanza, na anakwenda mwenyewe kwa mguu wake. Hata ule utaratibu wa mtandaoni unataka uwe umefika miaka 25. Hii mpya ikija kukaribia mwisho wake atakuwa ameshafika, na kwa masharti ya leo hatahitaji kwenda kaunta tena.

Weka miadi mapema, usingoje Machi. Ofisi za posta zinazopokea maombi hujaa masika, watu wote wakiwaza safari za kiangazi. Chukua siku yoyote katika wiki inayofuata Machi 9. Posta ya karibu ikiwa imejaa, ulizia maktaba za umma na ofisi ya karani wa kaunti; nyingi zinapokea, na watu hawazijui.

DS-11 ijazeni kwenye kompyuta, muichape upande mmoja wa karatasi. Ikichapwa mbele na nyuma hairuhusiwi. Kisha mwambie Salim asitie sahihi. Narudia kwa sababu vijana wana haraka ya kumaliza: pale penye mstari wa sahihi paachwe patupu. Kaunta, karani atamwambia anyanyue mkono wa kulia aape kwamba yaliyoandikwa ni kweli, ndipo atie sahihi mbele yake. Ikiwa imeshatiwa nyumbani, fomu hiyo haifai, mtaanza nyingine. Na sasa ni yeye anayetia sahihi, si wewe kwa niaba yake, basi ajizoeze moja atakayoweza kuirudia. Hawa watoto wengi hawakufundishwa mwandiko wa kuunganisha. Si neno, hata jina la herufi zilizoachana ni sahihi.

Uraia atauthibitisha kwa pasipoti ya zamani, maadamu haijaharibika, lakini chukua na cheti chake cha kuzaliwa. Kile cha jimbo, chenye muhuri na majina ya wazazi. Ile karatasi ya hospitali yenye alama za nyayo za mtoto ni ya kuweka kwenye albamu, haipokelewi. Toa nakala ya cheti, mbele na nyuma, kila upande kwenye karatasi yake. Cheti chenyewe na pasipoti ya zamani vitachukuliwa, kisha vitarudi kwa bahasha nyingine, mara nyingi baada ya pasipoti mpya kufika. Usihangaike bahasha ya kwanza ikija bila cheti.

Kitambulisho ndipo wengi wa umri wake wanapokwama. Ile picha ya alipokuwa na miaka 11 haifanani naye tena. Kama ana leseni au kibali cha kujifunza udereva, aende nacho pamoja na kitambulisho cha shule. Kama hana chochote, nenda naye wewe na kitambulisho chako, umtambulishe. Akiwa na kitambulisho chake, na wewe kazi ikikubana, unaweza kumpa barua uliyoitia sahihi kwamba unajua anaomba, na nakala ya kitambulisho chako, na hiyo inakubalika, lakini mimi ningekwenda. Mzazi akiwepo, maswali hupungua.

Angalieni jina. Cheti kinasema jina lake, la babake na la babu. Shuleni mmekata la katikati. Pasipoti itafuata cheti. Basi tiketi nayo iandikwe vivyo hivyo, herufi kwa herufi.

Picha ndiyo inayorudisha maombi kuliko kitu kingine. Inchi 2 kwa 2, ukuta mweupe, iliyopigwa ndani ya miezi 6, kichwa kuanzia kidevu hadi utosi kisipungue inchi 1 wala kuzidi inchi 1 na 3/8. Miwani avue. Kofia pia avue. Anayeivaa kila siku kwa ajili ya dini huruhusiwa, ila kwa maelezo ya maandishi yenye sahihi, na uso uonekane wote bila kivuli. Zile programu za simu za kung'arisha uso na kubadilisha ukuta zikae mbali. Na msiibane picha kwa pini, karani ataibana mwenyewe.

Malipo ni mawili na hayachanganywi. Dola 130 ni za serikali, kwa hundi au mani oda iliyoandikwa "U.S. Department of State", na jina kamili la Salim na tarehe yake ya kuzaliwa mbele ya hundi. Dola 35 ni za ofisi inayopokea. Huko uliza mapema wanapokea malipo gani. Kuharakishwa ni dola 60 zaidi, nawe huna haja: kawaida ni wiki 4 hadi 6, ongeza hadi wiki 2 za posta kwenda na 2 za kurudi, na kutoka katikati ya Machi hata ikichelewa yote mtakuwa nayo kabla Mei haijaisha. Ukitaka kutumia pesa, lipia dola 22.05 kitabu kiletwe kwa siku moja au mbili kikishatoka. Kile kikadi cha pasipoti cha dola 30 hakipandishi ndege ya kwenda ng'ambo. Chaweza kumfaa kwa ndege za ndani akienda chuo, lakini si sasa.

Pasipoti ikifika, aitie sahihi kwa wino siku hiyo hiyo, na usome kila herufi. Kibali cha kuingia Kenya, ule eTA, kiombeni baada ya hapo, kwa kuwa hufungwa na namba ya pasipoti. Mkitangulia kuomba kwa ya zamani mtalipa mara mbili. Na kama Salim atasafiri peke yake kabla yako, mwandikie barua ya ruhusa iliyothibitishwa, kwani 16 ya pasipoti bado si 18 ya sheria.

Ukishapata tarehe ya miadi niambie.

Mamako