Ukiambiwa "changamka bwana" wakati moyo mzito
Umeuliza kwa nini mtu akiambiwa changamka anakasirika badala ya kushukuru. Mi naona ni kwa sababu unamwongezea kazi juu ya mzigo alionao, sasa inabidi atabasamu ili wewe ndo ujisikie vizuri. Mwaka jana tulimzika mama, siku ya nne tu niko dukani nafunga sukari robo robo, mteja ananiambia dada mbona umenuna hivyo, cheka basi, aisee mikono ilinitetemeka hadi sukari ikamwagika kaunta nzima. Jirani yangu yeye alikuja hakusema kitu, akavuta stuli akaanza kufunga na mimi, na ndo siku hiyo nililia vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.