Mtutu wa inchi ngapi kwa bunduki ya kuwinda masafa marefu?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unaagiza bunduki ya 6.5 Creedmoor (hilo ni jina la aina ya risasi inayotumia) ya kuwindia milimani kwa miguu, kwamba utaifungia sailensa, yaani bomba la mdomoni linalopunguza mshindo, kwamba hukusudii kumpiga mnyama aliye mbali kuliko mita 500, na kwamba fundi amekutaka uchague mtutu wa inchi 20, 22, 24 au 26. Nimewinda kwa bunduki za urefu huo wote, na mbili kati yake nilizipeleka kwa fundi zikakatwa baada ya kuchoka nazo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona na kuyapima mwenyewe. Kwa matumizi uliyoyataja, mimi ningechukua inchi 22.

Wengi huanza na kasi, nami nitaanza hapo hapo kwa sababu ndipo penye kutoelewana kwingi. Baruti huungua karibu yote katika sehemu ya kwanza ya mtutu. Kinachoendelea kukisukuma kichwa cha risasi baada ya hapo ni gesi inayotanuka, na kadiri kichwa kinavyosonga mbele ndivyo gesi inavyopata nafasi kubwa zaidi na shinikizo lake likapungua. Kila inchi unayoongeza inaleta kasi zaidi, ila faida yake inazidi kuwa ndogo kadiri mtutu unavyorefuka. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na bunduki ya .308 Winchester yenye mtutu wa inchi 26 uliokuwa umekaribia kuchakaa, na kabla ya kuuondoa nilikubaliana na fundi aukate inchi moja moja hadi ufike 20. Kila ulipokatwa nilipiga risasi kumi za aina ileile na kusoma kasi kwenye kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya risasi. Kwa jumla nilipoteza mita 38 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya mita 6 kwa kila inchi, lakini upungufu haukuwa sawa: inchi moja iliondoa mita 3 tu, na nyingine ikaondoa karibu 10. Baadaye nilipata bunduki mbili za kaliba moja (zinazotumia risasi za aina moja), zote zenye mtutu wa inchi 24, na kwa risasi za pakiti moja zikapishana kwa mita 17 kwa sekunde. Tofauti hiyo kati ya mitutu miwili ya urefu mmoja ilikuwa karibu sawa na kile ambacho .308 yangu ilipoteza kwa inchi tatu. Tangu siku ile sijaamini tena jedwali la kasi lililochapishwa kwenye pakiti, maana kasi hiyo hupimwa kwa mtutu wa majaribio, mara nyingi wa inchi 24, na bunduki yako haina wajibu wa kuufuata.

Sasa tuangalie kasi hiyo ina maana gani kule anakosimama mnyama. Chukua 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 140 (kama gramu 9) cha umbo refu linalokata hewa vizuri. Katika mtutu wa inchi 24 itatoka kwa takriban mita 820 kwa sekunde, na katika inchi 20 itapungua hadi kama mita 797. Kwenye mita 500, bunduki ikiwa imerekebishwa kupiga katikati kwenye mita 100, ile ya mtutu mfupi itashuka zaidi kwa sentimita 10 hadi 13 hivi. Kipimo hicho kinaonekana kikubwa mpaka ukumbuke kwamba mshuko wa risasi ni hesabu inayojulikana: ukishapima kasi yako halisi na umbali wa mnyama, unazungusha kitufe cha darubini na tofauti yote imekwisha. Upepo ndio usiojulikana. Upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde utaisukuma risasi hiyo zaidi ya nusu mita katika umbali uleule, na kupoteza inchi nne za mtutu kutaongeza sentimita 2 au 3 tu juu ya hapo. Ukikosea kuukadiria upepo kwa mita moja tu kwa sekunde, kosa ambalo hata mwindaji mzoefu hulifanya kwenye mabonde, risasi inahama kwa sentimita 12 au 13. Nimewaona watu wakibishana jioni nzima juu ya inchi mbili za mtutu, na kesho yake wakalenga bila hata kuyatazama majani yanavyoyumba upande wa pili wa korongo.

Kuna jambo moja ambalo kasi haina mbadala wake, nalo ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi wako. Kichwa cha risasi ya kuwindia kimetengenezwa kitanuke ndani ya mwili wa mnyama, na hakitanuki ipasavyo kikifika kwa mwendo mdogo mno. Vichwa vingi vya kawaida vinahitaji takriban mita 550 kwa sekunde vinapogonga, na vile vilivyoundwa mahususi kwa masafa marefu hufanya kazi hata chini ya hapo. Soma kiwango ambacho mtengenezaji wa kichwa chako amekitaja, kisha hesabu kurudi nyuma: kwa kasi halisi ya bunduki yako, ni umbali gani ambao kichwa bado kinavuka kiwango hicho? Kwa mfano wetu wa 6.5 Creedmoor, inchi 24 zitakufikisha karibu na mita 590, na inchi 20 karibu na mita 540. Inchi nne zimekugharimu mita 50 hivi za umbali halali, na mwisho wake bado uko mbele ya mita 500 ulizojiwekea. Kama ungeniambia unataka kufika mita 600, ningekujibu tofauti kabisa. Umejiwekea mpaka ulio wazi, nami nakuheshimu kwa hilo, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa na risasi isiyotanuka huenda akafa mbali sana na macho ya aliyempiga.

Usiihamishe hesabu hii kwenye kaliba nyingine bila kufikiri. Risasi yenye baruti nyingi kwa tundu dogo inahitaji mtutu mrefu zaidi ili gesi yote hiyo ifanye kazi, na huko kila inchi inaweza kuwa na thamani ya mita 8 hadi 10 kwa sekunde. Bunduki ya .300 Winchester Magnum ikikatwa hadi inchi 20 inaanza kukaribia kasi ya .30-06 Springfield ya inchi 24, huku ikiendelea kuteketeza baruti nyingi zaidi, kupiga teke kali zaidi na kutoa mshindo unaoumiza. Mwenye kaliba ya namna hiyo namshauri asishuke chini ya inchi 24, na kama hafungi sailensa wala hapenyi vichakani, basi 26 zinamfaa.

Bunduki niliyoanza nayo mimi ilikuwa ya aina hiyo: .300 Winchester Magnum, inchi 26, na mwishoni sailensa ya sentimita 20. Kwa ujumla ilifika karibu mita 1.4. Kwenye uwanja wa shabaha ilikuwa tulivu na sahihi kiasi kwamba niliipenda kwa moyo wote. Mlimani mambo yalikuwa mengine. Ilipokuwa mgongoni, mdomo wake ulipita juu ya kichwa changu na kugonga kila tawi. Nilipokuwa naiteremsha kwenye njia nyembamba ilinibidi niigeuze kama mtu anayepitisha ngazi mlangoni. Asubuhi moja, baada ya kupanda kwa saa nne, mnyama niliyekuwa nikimtafuta alijitokeza upande wa kushoto, mita 180 tu kutoka nilipolala. Nilijaribu kuuzungusha mtutu, ukakwama kwenye kichaka kilichokuwa kati yetu, majani yakatikisika, na mnyama akaondoka kabla sijaweka jicho kwenye darubini. Katika umbali ule hata mtutu wa inchi 18 ungetosha. Wiki hiyohiyo nilimpelekea fundi akaukata hadi inchi 24, nami sijawahi kuzijutia inchi mbili zilizobaki kwenye karakana yake.

Ukifunga sailensa, basi hesabu urefu wote pamoja nayo. Sailensa nyingi huongeza sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo mtutu wako wa inchi 22 utabebeka kama wa inchi 28 au 30. Hili pekee lilitosha kuniondoa kwenye inchi 26 kwa bunduki yoyote ninayoibeba mabegani.

Watu huuliza pia kama mtutu mrefu ni sahihi zaidi. Hapana. Kwa unene uleule, mtutu mfupi ni mgumu zaidi, na ugumu huo unabadilika kwa kipeo cha tatu cha urefu, hivyo mtutu wa inchi 20 ni mgumu zaidi ya mara mbili kuliko wa inchi 26. Ugumu huo unausaidia mtutu mwembamba wa bunduki nyepesi kurudia jambo lilelile risasi baada ya risasi, hasa ukiwa umebeba uzito wa sailensa mdomoni. Hata hivyo usifupishe kupita kiasi, kwa maana uzito ulio mbele ndio unaotuliza bunduki unapoegemea fimbo au begi huku moyo ukidunda baada ya kupanda. Niliwahi kuwinda na mtutu mwembamba wa inchi 18 bila sailensa, na mdomo wake haukutulia hata kidogo. Mshindo na mwako wake wakati wa magharibi ulinipofusha kwa muda, nikashindwa kuona risasi imegonga wapi.

Kama bado unasitasita kati ya 22 na 24, agiza 24 na utembee nayo msimu mmoja, kwa kuwa fundi anaweza kupunguza lakini hawezi kuongeza. Ukiamua kukata, hakikisha mdomo mpya unachongwa sawasawa kuzunguka tundu, kwa sababu mdomo uliopinda kidogo tu unaharibu usahihi wa mtutu mzuri, na uzi wa sailensa nao ukatwe upya kwa kufuata katikati ya tundu lenyewe. Kisha pima kasi upya kwa risasi utakazowindia, urekebishe darubini tena kwenye mita 100, na ufute kabisa namba za zamani kwenye jedwali ulilobandika kwenye kitako.