Mkuu, usifunge hizo chupa Ijumaa

Mkuu, hapana. Nimesoma mpango wako mara mbili. Lita 20 za Kölsch, bia nyepesi ya Cologne unayoipika nyumbani, kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) cha pilsner kilo 4 na ngano kidogo, hidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, 1.048 mwanzoni. Siku ya tano unamwaga gramu 100 za hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu na harufu, aina za Citra na Huell Melon, na siku hiyohiyo ndoo inaingia friji nyuzi 4. Siku ya saba, yaani Ijumaa, sukari gramu 8 kwa lita, chupa zinafungwa. Halafu unauliza kama maji ya bomba ya Bonn ni magumu mno, utumie hamira ipi, unywee glasi ipi, na chupa zikae stoo kwa muda gani. Stoo hazitakaa muda wowote. Unatengeneza mabomu 40.

Wewe unazichukulia hopsi kama iliki kwenye chai: kazi yake harufu, basi. Hopsi zina vimeng'enya. Zikichemshwa vinakufa, lakini zikitupwa kwenye bia ambayo haitachemshwa tena, vinabaki hai na vinaanza kazi. Vinakata zile sukari ndefu, dekstrini, ambazo hamira ilizishindwa, na kuziacha vipande vifupi vinavyolika. Siku ya tano unapima 1.010 na kusema bia imemaliza. Imemaliza chakula kilichokuwepo. Ukimwaga hopsi umepakua sahani nyingine, na hidromita itaanza tena safari: 1.009, 1.008, pengine mpaka 1.006. Tena hamira za Kölsch nyingi ni wavivu wa kuzama, zinaelea kwenye bia siku nyingi, kwa hiyo walaji wapo tele.

Sasa ukiingiza ndoo kwenye nyuzi 4, hamira inasinzia na hidromita inaganda palepale. Unapima jana, unapima leo, namba ni ileile, unashangilia. Bia haijamaliza, imelala tu. Ukiifunga na kuiweka jikoni nyuzi 20 ishike gesi, inaamka ndani ya chupa.

Piga hesabu. Bia iliyochachuka nyuzi 18 inabaki na gesi kama gramu 1.7 kwa lita. Sukari yako gramu 8 inaongeza kama gramu 4. Hapo tayari uko karibu 5.7, wakati Kölsch inatosheka na 5. Kila pointi moja ya hidromita (0.001) inayoshuka ndani ya chupa inaongeza takriban gramu 1 nyingine. Zikishuka pointi 4, unakaribia gramu 10. Gramu 5 kwenye nyuzi 20 ni msukumo wa bar 2 hivi, lakini gramu 10 zinapita bar 4. Chupa nzee za kuokoteza zenye mikwaruzo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Zile za kizibo cha waya na mpira zikibahatika zitavuja, zisipobahatika utaokota vioo hadi Krismasi. Kabati langu lilijifunza kujifungua lenyewe saa nane usiku. Sisemi zaidi.

Na hata chupa zikivumilia, kuna siagi. Hamira ikianza kula upya inatoa kitu ambacho baadaye hugeuka diasetili, ile harufu ya bisi za sinema. Ikiwa na joto na muda, inairudia na kuifuta yenyewe. Ukiipiga baridi katikati ya kazi, siagi inabaki. Kwenye bia nzito nyeusi ungeweza kuificha. Kölsch ni bia uchi, haina pa kuficha kitu.

Jamaa wa ile video uliyoweka hapa, anayesema "hopsi siku ya tano, baridi, chupa, rahisi sana", nilimfuata na mimi. Anajaza kegi! Kegi ya chuma yenye valvu, inakaa kwenye friji mpaka inaisha. Kwake gesi ikizidi anavuta pete, pssss, maisha yanaendelea. Kusema kwamba wa chupa wafanye tofauti kungemgharimu sekunde kumi, hakusema. Na wala si siri mpya: wanakemia wa bia Brown na Morris waliandika kule Uingereza mwaka 1893 kwamba hopsi zinazotiwa kwenye bia iliyokwisha chachuka huamsha uchachukaji. Miaka mia na zaidi, bwana bado anasema "rahisi sana".

Shika hili moja, mengine hata ukiyasahau: siku tatu za namba ileile zihesabiwe BAADA ya hopsi, ndoo ikiwa kwenye joto, kabla ya baridi. Zile za kabla ya hopsi hazihesabiki.

Kwa ndoo yako inakwenda hivi. Chachusha nyuzi 15 au 16. Hidromita ikifika 1.014 hivi, pandisha 18. Ikitulia, tia hopsi, funika haraka, maana kila ukifungua kifuniko unakaribisha hewa, na harufu ya Citra ikikutana na oksijeni inageuka maboksi yaliyolowa. Acha nyuzi 18, usiguse friji. Kuanzia siku ya tatu baada ya hopsi pima kila siku. Kabla ya kupima, mimina sampuli kutoka kikombe hadi kikombe mara kumi gesi itoke, kisha zungusha hidromita kwa vidole. Vipovu vikiishikilia inaelea juu na kukudanganya pointi moja au mbili, na hizo ndizo pointi tunazozigombania hapa.

Namba ikitulia, jaribu siagi. Sampuli mbili kwenye chupa ndogo zilizofunikwa, moja iweke kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 20, ipoze, nusa zote mbili. Iliyopashwa ikinuka bisi, rudi kalale, ndoo ibaki siku mbili tatu. Zikinuka sawa, sasa ndiyo friji, nyuzi 1 au 2, wiki moja hadi mbili. Sukari gramu 6 na nusu kwa lita, sio 8.

Ukitaka kujua mapema itashuka mpaka wapi, siku unayotia hopsi chota mililita 300 kwenye chupa safi, tia vidonge vitatu vinne vya hopsi zilezile na nusu kijiko cha chai cha hamira kavu. Funika kwa karatasi ya foili bila kubana, weka nyuzi 25 na uitikise kila ukipita. Siku tatu nne, pima. Ikisoma 1.006, basi ndoo iliyosimama 1.009 inakudanganya.

Kuhusu gramu 100: kata nusu. Huell Melon ina tikiti na stroberi za kutosha, gramu 50 kwa lita 20 utazinusa vizuri na vimeng'enya vitapungua pia. Hizo 50 zilizobaki zitie safari ijayo ukishazima jiko na maji ya kimea yakishuka nyuzi 80, dakika 20. Kwenye joto hilo vimeng'enya havichukui muda kufa.

Na kama umeandika "Ijumaa" ukimaanisha Ijumaa iliyopita, usizibebe kwa mkono mtupu. Glavu nene, miwani, koti la mikono mirefu. Boksi zima ndani ya friji usiku kucha. Kesho fungua moja juu ya sinki. Ikiruka, fungua zote taratibu zikiwa baridi, acha zipumue, funga, rudisha friji, rudia kesho kutwa. Ikitulia kwenye glasi, bado zisitoke friji. Kisha mimina kidogo, tikisa gesi itoke, ipime ikiwa na joto la chumba, na uandike namba hapa.