Fundi Anajibu: Mashine gani ya kuchomelea bati la gari nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux dabo kabini ya zamani niliachiwa na baba, tunabebea viazi toka Isyonje, sasa kutu imekula chini ya milango ya kushoto na madigadi ya nyuma. Kila nikipeleka kunyoosha bodi wananipakia puti wanapiga rangi, mvua zikiisha puti inabanduka nakuta tundu limekua kubwa zaidi. Nimeamua nijifunze kuchomelea mwenyewe. Dukani Mwanjelwa wameniambia nichukue inveta ya rodi ya ampea 250 kwamba ina nguvu haitanisumbua, kuna na MIG ndogo ya 140, ile ya kulisha waya badala ya rodi, ila bei imechangamka. Umeme wa nyumbani ni wa kawaida tu, LUKU. Nichukue ipi? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Chukua MIG, hata kama itabidi usubiri msimu mwingine wa viazi ndo hela itimie. Wauzaji wengi wanakutajia mashine inafika juu wapi, 200, 250, 300, wakati kwenye bodi ya gari cha kuuliza ni inashuka chini wapi na ikishuka inatulia au inakohoa.

Bati la bodi ni jembamba, milimita 0.7 mpaka 1 hivi, na pale kutu ilipopita limebaki jembamba kuliko hapo. Rodi ya milimita 2.5 ambayo ndo utaikuta kila duka inataka kama ampea 60 mpaka 90 ili iwake vizuri, bati la 0.8 linataka 30 na kitu. Sasa we ukishusha mashine mpaka 40 rodi inaganda, ukipandisha iwake inatoboa, unaziba tundu la kwanza unafungua la pili, jioni unakuta ulikua na tundu la shilingi mia sasa una tundu la sahani. Hiyo 250 ya dukani haina kazi yoyote kwenye mlango wa Hilux.

MIG yenyewe inalisha waya kwenye bunduki, unabonyeza sekunde moja unaachia, tone moja limekaa. Hakikisha inakubali waya wa milimita 0.6, maana nyingine rola zake za kusukuma waya zinaanzia 0.8, na waya wa 0.6 ndo rafiki wa bati. Pia uliza kama ina sehemu ya kufunga gesi, kuna za bei rahisi zinatumia waya wenye dawa ndani peke yake, hazina gesi kabisa. Waya wa dawa unachoma moto mkali zaidi, unarusha cheche nyingi, unaacha ukoko wa kukwangua, kwa geti ni safi ila kwa bodi utateseka. Na ukiutumia kumbuka kugeuza nyaya, bunduki iende hasi na klampu chanya, kwa waya wa gesi ni kinyume chake. Watu wengi wanaitukana mashine kumbe nyaya zimekaa vibaya.

Gesi nzuri ni mchanganyiko wa agoni 75 kwa kabonidayoksaidi 25. Usipoupata, kabonidayoksaidi tupu inafanya kazi, itarusha cheche zaidi kidogo na itapasha zaidi, unashusha moto unaendelea. Fungulia lita 8 mpaka 12 kwa dakika, halafu fanyia kazi sehemu iliyokingwa na upepo, maana upepo wa Uyole wa mchana unaipeperusha gesi yote na weldi inatoka na vitundu kama sponji.

Umeme usikutie hofu. Soketi ya ampea 13 inatoa kama wati 3000, na wewe kwenye bati utakua chini kabisa ya uwezo wa mashine. Ila usitumie ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa, waya unapata moto na mashine inakosa nguvu.

Siku ya kwanza usiguse gari. Tafuta boneti bovu gereji, kata vipande, fanyia mazoezi hapo hata wiki mbili. Usitumie mabati ya kuezekea, ni membamba kuliko la gari na yamepakwa zinki, moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku. Na hii habari ya mafundi kunywa maziwa ili kuua sumu naomba tuiache jamani, maziwa yanaenda tumboni moshi umeenda mapafuni. Fungua milango, kaa upande upepo unakotokea.

Ukishazoea, kata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, mbele na nyuma, hapa ndo wale waliokupakia puti walipokukosea. Tengeneza kiraka kinachokaa sawasawa, shika kwa vitone umbali wa sentimita 2 au 3, kisha ruka, tone huku tone kule, unaacha pakipoa pakishikika kwa mkono ndo unarudi kuziba katikati. Ukivuta mstari mrefu mara moja bati litajikunja kama chapati na hakuna puti itakayolinyoosha. Penye mwanya weka kipande cha shaba nyuma, weldi haishiki kwenye shaba. Ukimaliza praima ya epoksi, na ndani ya mlango pulizia nta, maana kutu yako ilianzia ndani maji yalipotuama.

Kabla ya cheche ya kwanza chomoa terminali ya hasi ya betri, toa kapeti na viti, angalia tenki na mipira ya mafuta iko wapi, weka ndoo ya maji na mtu wa kuangalia upande wa pili. Nimeshaona pikapu ikifuka moshi ndani huku fundi yuko nje amevaa kofia hajui lolote, kapeti ilikua inaungua taratibu. Kofia iwe ya kioo cha namba 10 hivi, miwani ya jua sio kinga, macho yatakuuma usiku kama yamemwagiwa mchanga.

Chesisi usiiguse na hii mashine. Hapo mpelekee fundi mzoefu wa rodi.

SWALI: Mimi ninayo tayari ya rodi, sina hela ya MIG. Siwezi kabisa kuziba sakafu ya Noah? (Mafinga)

JIBU: Unaweza ila kwa jasho. Tafuta rodi nyembamba za 1.6 au 2.0, shuka ampea 30 mpaka 45, piga nukta tu usivute. Kiraka kilalie juu ya bati zima sentimita moja na nusu, angalau moto ukute unene wa mabati mawili. Sakafuni haionekani kwaiyo sawa, mlangoni sikushauri.

SWALI: Jenereta yangu ya kilowati 3 inaendesha mashine vizuri nikiwa Kyela, nikipanda nayo Mbeya inazima. Imeharibika? (Kyela)

JIBU: Ndaga fijo, asante sana kwa swali. Haijaharibika, hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na Mbeya mjini iko zaidi ya mita 1,600, Kyela uko karibu na ziwa, mita 500 hivi. Ile 3 yako huku haifiki 3. Safisha chujio la hewa, shusha ampea za mashine, na usiwashe taa na pasi kwenye jenereta hiyohiyo wakati unachomelea.